Biashara ya Sime za Kale

Ukishika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, ukaipita Athi River na kuingia Kitengela, utaona mji uliojaa maghorofa ambao wazee wake hawajasahau ulipokuwa malisho ya ng'ombe na ya pundamilia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 150,000. Endelea mbele hadi Isinya, kisha Kajiado, kisha Bissil, na kando ya njia hiyo utakuta vibanda na maduka yanayowauzia wasafiri shanga, shuka, rungu, mikuki na sime. Vingi vya vitu hivyo vilitengenezwa juzi na jana, na muuzaji mwaminifu hakufichi. Lakini simama kidogo karibu na duka moja la namna hiyo, utege sikio. Hutakawia kumsikia mgeni, akiisha kuigeuzageuza sime mpya na kuirudisha mahali pake, akiuliza: “Je, huna ya zamani? Ya zamani kweli, iliyopata kuvaliwa na mtu?”

Insha hii naiandika kulipinga swali hilo. Najua ya kuwa huulizwa kwa adabu na kwa fedha mkononi, na ya kuwa wako wengi miongoni mwetu wanaolifurahia. Hata hivyo naliona ni swali baya, nami nakuomba wewe msomaji kijana, uliyezaliwa labda katika nyumba ambamo sime ya babu ingali imetundikwa ukutani, unisikilize kabla hujaamua kama nasema kweli au napayuka.

Kwanza tumtendee haki mkusanyaji. Tamaa ya kukusanya visu haikuzaliwa Kajiado, wala si dhambi. Kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Friuli, uko mji mdogo uitwao Maniago ambao umekula na kuvaa kwa kazi ya kufua visu kwa muda wa zaidi ya miaka mia tano. Mwaka 1453 bwana mmoja wa mji huo, Nicolò di Maniago, aliomba ruhusa ya kuchimba mfereji wa maji kutoka kijito cha Colvera, na nguvu ya maji hayo ikaja kuendesha nyundo za wahunzi. Katika karne ya 20 Maniago ilipata sifa kwa kisu cha namna ya pekee: kisu chembamba cha kukunja, chenye kifungo ubavuni mwa mpini, kifungo kikibonyezwa, springi iliyofichwa ndani huurusha wembe nje kwa kufumba na kufumbua. Askari wa Marekani waliopigana Italia katika Vita Kuu vya Pili walirudi navyo kwao, na baada ya vita viliuzwa ng'ambo kwa wingi, mpaka serikali zikaingiwa na hofu kwa sababu ya magenge ya vijana mijini. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia biashara yake baina ya majimbo mwaka 1958, na Uingereza ikakataza kutengenezwa na kuuzwa kwake mwaka 1959. Visu vya kabla ya sheria hizo vikawa adimu, na kitu kikiwa adimu watu hukitafuta. Wakusanyaji huvitafuta katika minada, katika maonyesho ya visu na katika maduka ya vitu vya kale, na kwa kila kimoja hutaka kujua mambo mawili: kilitengenezwa lini, na nani aliyekitengeneza.

Sina ugomvi na watu hao, maadamu wanazitii sheria za nchi zao. Kisu cha Maniago kilizaliwa ili kiuzwe. Mhunzi alikifua akijua kwamba kitakwenda dukani, naye akalipwa. Aliyekinunua alikitia mfukoni miaka kadha wa kadha, akakiuza au akafa na wanawe wakakiuza. Kinapohama kutoka mkono hata mkono hapana ukoo unaopungukiwa. Na jina la mtengenezaji, au la duka lake, limegongwa katika chuma chenyewe, hata mtu wa miaka sabini baadaye aweza kulisoma na kumshukuru.

Sasa itazame sime ya Kajiado. Kwa Kimasai huitwa olalem. Wembe wake ni mwembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kadiri unavyokwenda mbele mpaka ukafanana na jani refu, halafu hukutana katika ncha. Una makali pande zote mbili, na katikati una mwinuko kama uti wa mgongo unaoupa nguvu. Kwa kuwa uzito wake uko mbele, pigo lake ni zito kuliko umbo lake linavyoonyesha. Mpini ni mdogo, wa mti uliovikwa ngozi, usio na kinga ya mkono. Ala yake ni vipande viwili vya ubao vilivyovikwa ngozi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyekundu. Kwa chombo hicho kimoja mtu hukata matawi ya kuzungushia boma, huchinja na kuchuna mbuzi, huvunja mfupa, husafisha njia kichakani, na siku ikibidi hujikinga yeye na ng'ombe wake.

Chuma chake kina historia ndefu. Hapo kale wahunzi walikiyeyusha kutoka katika mchanga wenye madini. Wafanyabiashara walipoleta waya nene kutoka pwani, waya ukawa chuma chao. Na magari yalipofika, springi zilizovunjika na tupa zilizochakaa ziligeuzwa sime. Waingereza nao hawakulala. Viwanda vyao vilitengeneza sime za kuletwa kuuzwa huku, na baadhi ya zile ambazo leo huitwa za kale zina chapa ya Uingereza karibu na mpini. (Mgeni aliyesafiri kutoka Uingereza kutafuta kumbukumbu ya Afrika, akarudi kwao amebeba chuma cha kwao, sijui kama siku alipoiona ile chapa alicheka au alinuna.)

Basi sime huwaje ya kale? Haizeeki dukani. Huzeekea kiunoni mwa mtu. Ngozi ya mpini hung'aa kwa jasho la kiganja kimoja, wembe hupungua kwa kunolewa juu ya jiwe miaka arobaini, ala hupasuka ikashonwa kisha ikapasuka tena. Kila alama ambayo mnunuzi huilipia ni siku fulani katika maisha ya mtu fulani. Hakuna shamba linaloota sime za kale, wala ghala zilimowekwa. Kwa hiyo mgeni akisema, “Nataka ya zamani kweli,” maana ya maneno yake, apende asipende, ni kwamba mtu apelekwe katika boma la mzee akaifungue pale ilipofungwa. Muuzaji huielewa vizuri maana hiyo kuliko mgeni mwenyewe. Naye ana njia mbili za kumridhisha: kuitoa nyumbani mwa mtu, au kusema uongo.

Njia ya uongo ni rahisi. Sime iliyofuliwa Jumatatu hupakwa maji ya chumvi ili ishike kutu, hufukiwa katika samadi, hutundikwa juu ya moshi wa jiko, na ala yake husuguliwa mafuta na vumbi mpaka wekundu wake ukafifia. Kufika mwisho wa juma imekwisha kupata miaka themanini, na juu ya miaka hiyo imepata simba mmoja iliyemwua na babu mmoja shujaa asiyepata kuzaliwa. Waweza kucheka na kusema kwamba mgeni mwenye tamaa amepata anachostahili. Mimi sicheki sana, kwa kuwa namfikiria mtu aliyeifua sime ile. Alifanya kazi safi, akaipeleka sokoni iking'aa, na kazi yake ikalipiwa kidogo kwa sababu ni nzuri na mpya; kisha mwingine akaiharibu, akalipwa zaidi kwa kuiharibu. Biashara inayomlipa mharibifu kuliko fundi haiwezi kuendelea miaka mingi bila kuwaua mafundi.

Njia ya nyumbani ni mbaya zaidi, nayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Ukame wa miaka ya 2021 na 2022 uliua mifugo mingi sana katika Kajiado. Katika miaka ya namna hiyo, wakati wa kulipa ada za shule unapofika, dalali hana haja ya kubisha hodi mara mbili. Huja na maneno laini. Husema kwamba chuma kile kinaliwa na kutu tu, ya kwamba watoto hawataki mambo ya kizee, ya kwamba kuna Mzungu, au tajiri wa Nairobi aliyejenga Kitengela, anayetaka kukitundika sebuleni na kukitunza kuliko wenyewe. Mzee hutazama ukutani, hutazama watoto, huuza. Fedha zinaisha kabla ya mwezi. Bei aliyopewa aliitaja dalali, na bei ambayo dalali atapewa mzee hataisikia kamwe.

Hapa wako watakaonikemea. Watasema: “Wewe uliyeshiba, kwa nini unawakataza wenye njaa kuuza mali yao? Sime ni ya mzee, na aliye na kitu ana haki nacho.” Hoja hii ni nzito, wala siikwepi. Simhukumu baba aliyeuza sime ili mwanawe asifukuzwe shuleni. Ningekuwa yeye huenda ningefanya vile vile. Ugomvi wangu ni na yule anayepanga safari zake kwa kuufuata mwezi wa njaa, na yule aliye nyuma yake ambaye haulizi sime ilitokaje mradi ni ya kale. Tena liko jambo ambalo hoja ya haki hulisahau. Ng'ombe aliyeuzwa leo, mvua ikinyesha, aweza kufuatwa na ndama mwakani. Shuka iliyouzwa hununuliwa nyingine. Sime ya mtu aliyekwisha kufa, ikitoka imetoka. Na haki ya mzee juu yake haiwezi kuimaliza haki ya mjukuu ambaye bado yumo mgongoni mwa mamaye, hajui kusema.

Wala usidhani kwamba madai ya wajukuu ni jambo la kubuni. Mwaka 2017 Samuel Nangiria, Mmasai wa Loliondo katika Tanzania, alizuru jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford, akaviona vitu vya watu wake vimewekwa ndani ya makabati ya vioo. Miongoni mwa vitu vya Wamasai vilivyokuwa katika jumba hilo vilikuwamo ambavyo kwa desturi haviuzwi wala havitolewi, mathalani orkatar, bangili inayopita kutoka kwa baba hata kwa mwana baba akiisha kufa. Tangu wakati huo wajumbe wa Wamasai wa Kenya na wa Tanzania wamekwenda Oxford kuzungumza na wakuu wa jumba hilo, na mwaka 2023 wakuu hao nao walikuja huku kuonana na jamaa za wenye vitu. Fikiri ni safari ngapi, na barua ngapi, na miaka mingapi, kwa ajili ya vitu vichache vinavyoweza kuenea katika mfuko mmoja! Vilipoondoka huenda viliondoka kwa asubuhi moja.

Tena hao walikuwa na bahati. Jumba la makumbusho lina mlango, lina daftari, na lina mtu wa kuulizwa. Mradi mmoja wa utafiti ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki uliorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika majumba ya ng'ambo, ukapata zaidi ya 32,000, na mwaka 2021 habari zake zilionyeshwa Nairobi watu wakaziona. Sime iliyonunuliwa kando ya njia ya Namanga na mtu asiyejulikana haimo katika hesabu hiyo, wala haitaingia kamwe. Mjukuu akitaka kuiona ataanzia wapi? Atabisha hodi mji gani?

Utauliza: je, serikali haina sheria? Inayo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakataza kutoa nchini kitu cha kale bila kibali, na kitu cha kale, kwa maneno ya sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, mbali na vitu vingine ambavyo Waziri ametangaza kuvilinda. Ni sheria njema, lakini fanya hesabu. Kijana aliyevaa sime akiwa na miaka ishirini mwaka 1895 alizaliwa mwaka 1875. Sime nyingi zilizo kutani leo ni za vijana waliokuja nyuma yake sana, walioishi zama za ukoloni, wengine hata baada ya uhuru wa 1963. Kwa sheria hiyo chombo cha mtu kama huyo kina daraja moja na sufuria. Hivyo mlinzi wa kweli wa sime ya nyumbani ni watu wa nyumba, na watu wa nyumba wasipotaka kuilinda, askari hawezi kuilinda kwa niaba yao.

Yuko mpinzani mwingine, mtu wa amani, asemaye kwamba sime ni chombo cha damu na heri vyombo vya damu vyote viende vikae ndani ya vioo vya Wazungu. Ni kweli kwamba sime zimemwaga damu katika ugomvi wa ulevi na wa mipaka ya mashamba, na ni kweli kwamba sheria ya Kenya inamshitaki mtu anayetembea hadharani na silaha bila ruhusa wala sababu ya haki. Siitetei sime ya mgomvi. Lakini kijana mwenye nia mbaya hatafuti sime iliyolika ya marehemu. Hununua panga jipya dukani. Ukiuza sime zote za kale za Kajiado hutakuwa umezuia pigo hata moja. Na yule asemaye kwamba nyumbani zitaliwa na kutu, ajibiwe kwa kijiko kimoja cha mafuta mara mbili kwa mwaka.

Nimewasema wageni na madalali; sasa sina budi kuwageukia wenyeji, maana kosa si la upande mmoja.

Nani aliifua sime ya babu yako? Uliza nyumbani. Yumkini utaambiwa jina la rika la babu, na mahali alipoivaa, na mnyama aliyemkabili. Jina la mhunzi hutaambiwa. Miongoni mwa Wamasai kazi ya kufua chuma ilikuwa ya watu wa jamii moja waitwao Ilkunono, na watu hao, ambao bila wao pasingalikuwa na mkuki wala sime wala shoka, walidharauliwa na wale wale waliowategemea. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichochapwa mwaka 1905, aliandika ya kwamba Mmasai hakuoa binti wa mhunzi, na ya kwamba alipotaka kupokea mkuki au sime iliyoshikwa na mhunzi alijipaka mafuta kwanza mkononi, kwani hakuona vema kuishika kwa mkono mtupu. Sababu iliyotolewa ni kwamba mhunzi hutengeneza vitu vinavyomwaga damu, na Mungu hapendi damu imwagwe. Tazama ajabu ya hoja hiyo! Aliyeifua sime akaonekana ana unajisi, na aliyekwenda nayo vitani akaimbiwa nyimbo.

Si kila watu waliofikiri hivyo. Majirani zao Wakikuyu walimpa mhunzi nafasi ya heshima yenye hofu ndani yake, na laana yake iliogopwa sana. Jomo Kenyatta aliandika habari za kazi ya chuma ya watu wake katika kitabu chake cha mwaka 1938. Kwa hiyo dharau haikutoka mbinguni. Ilitungwa na watu, na kilichotungwa na watu chaweza kufumuliwa na watu. Siku hizi wako wengi Umasaini wasioijali tena. Wanaoa na kuozana, na watoto wa Ilkunono hukaa dawati moja na watoto wengine. Lakini chembe zake zimebaki katika mizaha ya shuleni, nawe msomaji waijua mizaha hiyo kuliko mimi. Aliyepata kumwita mwenzake mwana wa mhunzi kwa kumkejeli, leo ajiulize alichokuwa akikicheka.

Naam, mkusanyaji anapolipa fedha nyingi kwa ajili ya ukale, na mwenyeji anapomtukuza aliyeivaa na kumsahau aliyeifua, wote wawili wanakutana katika kumfuta mtu mmoja. Dalali naye anapenda afutwe. Sime yenye jina la fundi aliye hai haiwezi kusemwa kuwa ni ya babu aliyeua simba. Jina lile lingemtoa mwongo mchana kweupe. Ndiyo sababu sime elfu zaweza kupita katika maduka ya njia hiyo yote, kutoka Kitengela hadi mpakani, bila hata moja kusema aliyeitengeneza.

Nami sitaki mkusanyaji arudi kwao mikono mitupu. Nataka apelekwe kwingine. Akiuliza ya zamani, aambiwe waziwazi kwamba za zamani zina wenyewe, kisha aonyeshwe mahali mhunzi anapofanya kazi. Aende akaone mvukuto unavyopuliza makaa, na springi ya lori inavyolainika ikawa nyekundu kama ua, na ule mwinuko wa katikati unavyotokea chini ya nyundo bila rula wala kipimo, kwa jicho tu. Aagize yake. Angoje siku tatu au juma zima, kama watu wanavyongoja nguo kwa mshonaji. Amlipe mhunzi mkononi, bei ambayo mhunzi ameitaja. Na kabla haijatiwa mpini, herufi za jina la mhunzi na mwaka zigongwe katika shina la wembe kwa muhuri wa chuma. Muhuri huo si mashine ya kigeni wala siri ya wataalamu: ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa herufi kichwani, na nyundo ile ile iliyoifua sime yatosha kuugonga.

Nimesikia watu wakisema kwamba mtalii hatanunua sime yenye jina na mwaka wa juzi, kwa sababu anataka kale, hataki jipya. Labda wa kwanza hatanunua. Lakini wasemao hivyo hawajamtazama mkusanyaji wa visu vya Kitaliano anapopewa kisu mezani. Hakifungui kwanza aone kama kinakata. Hukisogeza karibu na macho, akakielekeza kwenye mwanga, akatafuta pale chini ya wembe palipogongwa jina la mtengenezaji na la mji; asipoliona, hukirudisha mezani.